Nimelilia jiwe lenye miguu mitano, Binti sikumlilia. Nani ana maelezo?

#1 Mwana_wa_Wete
Salaam alaikum. Swali langu huenda likaonekana la kipuuzi, lakini linanikera, kwa hivyo nalimwaga hapa.

Dada yangu aliyeko Muscat kaniletea vitabu viwili kwa mkono wa mtu. Kimoja ni Binti cha Nnedi Okorafor, kilitoka 2015. Kingine Project Hail Mary cha Andy Weir, cha 2021. Nikajua mapema nitampenda nani. Binti ni msichana wa Kihimba, wa Namibia, bingwa wa hesabu, baba yake fundi, anatoka kwao kwenda kusoma chuo kikuu kilichoko sayari nyingine. Huyo wetu. Wa Weir ni mwalimu wa Kimarekani anayezinduka ndani ya chombo cha anga, kando yake maiti mbili, na jina lake mwenyewe halikumbuki. Nikasema huyu wa kupotezea muda tu.

Mambo yakaenda upande wa pili kabisa. Binti nimemmaliza usiku mmoja, nikafunga kitabu, nikalala fofofo. Lakini kile kiumbe cha Weir, Rocky! Ganda la mawe, miguu mitano, macho hana, uso hana, anapumua amonia kwenye joto la nyuzi 210. Pale alipotoka kwenye hewa yake akaingia kwenye hewa ya yule mwalimu ili amwokoe, huku anaungua, nililia kwa sauti mpaka mke wangu akatoka jikoni na mwiko mkononi kuuliza nani kafa.

Kwa nini jiwe, na si Binti?

#2 PwezaMkavu
Ungemwambia kafa mume wake, maziko baada ya laasiri.

#3 Bi_Mkubwa_wa_Kikwajuni
Mwanangu wa Wete, mimi wala sioni ajabu. Kitabu cha Binti nimekisoma kwa simu ya mjukuu wangu, na nina mabinti wangu mwenyewe. Yule msichana kaondoka usiku watu wamelala. Hakumuaga mama, hakumuaga baba. Tangu ukurasa ule sikuwa naye tena, nilikuwa na mama yake. Wale Meduse, viumbe wa sayari nyingine, wanaua watu chomboni, mimi nawaza: mama kaamka asubuhi kakuta kitanda kitupu, kafanya nini? Kamuuliza nani mwanzo? Kenda kwa jirani au kaona haya? Mwandishi hakunipeleka huko hata dakika moja. Kanipeleka angani.

Sasa mtu una hasira naye, utamliliaje?

Huyo Rocky simjui. Lakini kama katumwa na watu wake, kwa ridhaa yao, basi mmeshajua wapi pana tofauti.

#4 Mtoto_wa_Micheweni
Bi Mkubwa shikamoo. Kwa heshima zote, hapa sikubaliani nawe.

Mimi Binti nimemlilia, tena mapema, chombo hakijaruka. Pale kituoni kwenye foleni, mwanamke wa nyuma yake anamvuta msuko uliopakwa otjize, ule udongo mwekundu na mafuta wanaojipaka Wahimba. Ananusa vidole, anawaambia wenzake kinanukia asumini. Mwenzake anauliza, hakinuki mavi? Wanayasema yote mbele yake, kama hayupo.

Nilipotoka Pemba kwenda kusoma Unguja tulikuwa wanne chumbani. Nikifungua mdomo, kicheko. Mmoja alikuwa akiwaita wageni wake nirudie maneno yale yale kwa lafudhi ile ile. Bibi yangu alinifungia chupa ya mafuta ya nazi, kayachemsha mwenyewe, katia asumini na mkadi. Nikawa napaka nywele usiku, taa ishazimwa. Baadaye nikaacha. Chupa ikakaa chini ya kitanda mpaka mafuta yakaingia harufu, nikayamwaga.

Binti hakuacha kujipaka. Yuko na majitu yanayoweza kumuua wakati wowote, na bado anahesabu otjize iliyobaki kwenye kikopo chake. Hapo nilikwisha.

Na kuhusu kuaga: angeaga, angeruhusiwa? Jibu hilo tu Bi Mkubwa, nakusubiri.

#5 Fizikia_Chake
Nasomesha fizikia sekondari kwa hivyo mnisamehe nikirefusha.

Jibu la #1 ni kazi. Waangalieni wale wawili. Hawana lugha moja, kati yao pana ukuta kwa sababu hewa ya huyu ni kifo kwa yule, na jua la kila mmoja linafifia kwa sababu ya vijidudu vile vile vinavyokula nguvu zake. Wanaanza na nini? Wanaanza na saa. Halafu namba, na Rocky anahesabu kwa sita sita, si kwa kumi. Halafu urefu, uzito, majina ya vitu. Hakuna anayemwambia mwenzake nakupenda. Wanatengeneza kitu, kinaharibika, wanakitengeneza tena, na ukigeuka umeshakuwa urafiki mkubwa kuliko wa kaka na kaka. Wanaume wengi wa kwetu ndivyo wanavyopendana. Utamsikia mtu anamtukana mwenzake gereji asubuhi mpaka jioni, mmoja akiugua mwingine hali.

Binti naye tunaambiwa ni bingwa wa hesabu, lakini hesabu zenyewe hatuoneshwi. Anazama kwenye fomula mpaka anatulia. Hiyo ni dhikri zaidi kuliko hesabu. Nzuri, lakini mimi nilitaka kuuona ubao.

#6 KaskaziKali
Nyote mmeacha jambo la wazi. Kuna walioisoma Hail Mary na kuna walioisikiliza. Kitabu cha sauti kasoma Ray Porter, na Rocky akizungumza unasikia noti za muziki nyuma ya maneno, maana lugha yao ni muziki. Mimi nilisikiliza ndani ya daladala kutoka Mkokotoni. Mara ya kwanza anaposema, kondakta alinidai nauli mara mbili nisimsikie.

Binti nilisoma kwenye simu yenye kioo kilichopasuka. Hapo ushindani uko wapi? Ingawa Binti alipata tuzo ya Hugo 2015, kwa hivyo wakubwa wamemkubali.

#7 Fizikia_Chake
Kimetoka 2015, Hugo kikapata 2016, na Nebula juu yake, kwa fungu la riwaya fupi.

#8 Nahodha_Mstaafu
Mimi si msomaji. Mwanangu ndiye aliyenisomea hicho cha mawe, jioni jioni, huku anafasiri. Nina neno moja.

Hawa watu wa kwao Rocky wakilala hawaamki kwa lolote, ndiyo maana desturi yao mmoja akilala mwenzake hukaa akamwangalia. Rocky alipojua kuwa yule mwalimu hulala peke yake, hakukubali. Akakaa upande wake wa ukuta akamlinda. Hapo nikamwambia mwanangu arudie.

Dagoni tulikuwa hivyo. Usiku mashua imetia nanga, watu wamelala juu ya nyavu, mmoja anabaki macho. Yeye huipitisha kamba ya nanga baina ya vidole vya mguu, akae hivyo. Kamba ikilegea ghafla anaisikia hata kama amesinzia, anajua nanga imeng'oka. Asubuhi hakuna anayemwambia ahsante, maana usiku wa pili zamu ni yako.

Sasa huyo Rocky wenziwe ishirini na mbili wamekufia chomboni, na yeye kakaa pale peke yake miaka 46. Miaka 46, halali mtu akamwangalia. Mwenye kuuliza kwa nini watu wanalia, sijui anauliza nini.

#9 Mwana_wa_Wete
Nahodha umenitonesha. Lakini bado haikai. Binti naye kabaki peke yake, wenziwe wote chomboni wameuawa isipokuwa yeye na rubani. Upweke anao, hofu anayo. Mbona sikulia?

#10 Bi_Mkubwa_wa_Kikwajuni
Kwa sababu hakuaga.

Na wewe mwanangu wa Micheweni, nakujibu: asingeruhusiwa, kweli kabisa. Na bado angeaga. Hao waliokucheka wana mama zao pia, ningependa kuwajua.

#11 Mlango_wa_Nakshi
Kitabu cha Binti hakikuandikwa kikulize, kiliandikwa kikukasirishe. Kumbukeni ule ugomvi umeanzaje. Mwiba wa mkuu wa Meduse umekatwa, umewekwa kwenye jumba la makumbusho la chuo kikuu, wasomi wanakuja kuutazama. Meduse wamekuja kudai kiungo cha mwili wa mtu wao. Ukishajua hilo huwezi tena kuwaita majini wabaya, na huwezi kuwatetea vilevile, maana wamechinja vijana wasio na kosa.

Mimi kazi yangu ni mbao. Nimeona milango ya nakshi ya Mji Mkongwe iking'olewa na fremu yake, inafungwa magunia, inakwenda kusimama kwenye ukumbi wa mtu ng'ambo. Nilipofika kwenye ule mwiba, nilikiweka kitabu chini nikenda kuvuta hewa barazani. Machozi hayakuja kwa sababu hasira ilishakaa mahali pake.

#12 Sijamaliza_Bado
Jamani niko ukurasa wa mia na kidogo wa Hail Mary. Rocky ataungua? Nani kawaambia mtangaze?

#13 PwezaMkavu
Kitabu kina miaka chungu nzima, wewe uko mia na kidogo. Kwa mwendo huo jua litazimika kweli.

#14 Karafuu_na_Makonyo
Nyinyi mnalia, mimi nimegombana. Mpwa wangu aliniletea Dune ya picha, ile komiki ya 2020 waliyoitoa mtoto wa Frank Herbert na Kevin J. Anderson. Riwaya yenyewe ya zamani, 1965, lakini mimi nimekutana nayo humo. Nilikuwa msimuni, nimekaa juu ya jamvi na wanawake wa nyumbani tunachambua karafuu, mikono imekuwa myeusi, najipumzisha na ukurasa mmoja mmoja.

Nikaona mambo ninayoyajua. Sayari moja tu ndiyo inatoa kiungo. Dunia zote zinakitaka, bila yake vyombo vya anga haviendi. Wenyewe wenye ardhi, Fremen, wanakanyaga utajiri na wanakunywa maji kwa kipimo. Bei anapanga mwingine, mbali. Haya nani wa Pemba atahitaji maelezo? Tangu kile kimbunga cha 1872 kilichoangusha mikarafuu ya Unguja, sisi ndio tumekuwa tukibeba. Mnunuzi kisheria mmoja, serikali kupitia shirika lake, na ukipakia gunia usiku kuelekea Mombasa unaitwa wa magendo. Kwenye Dune nao wamo wa magendo, na mimi nikawapenda wao kuliko yule kijana mwana wa mtawala.

Ugomvi wangu uko wapi? Kiungo chenyewe eti kinanukia mdalasini. Mdalasini! Mtu abuni sayari nzima, abuni na minyoo mikubwa kuliko meli, halafu ifike kwenye harufu asijue iliko.

#15 Maalim_Shangani
Mimi hiyo niliiacha walipoanza kumwita yule kijana Mahdi na Lisan al-Gaib. Niliona wanachezea.

#16 Karafuu_na_Makonyo
Maalim, ukiendelea utaona mwandishi hamsifu. Anaonesha watu wanavyopandikizwa imani ili watawaliwe, na kijana anajua, na anaitumia. Mimi naona ni onyo.

#17 Maalim_Shangani
Huenda. Lakini mtoto wa miaka kumi na mbili aliyeona picha tu atajuaje kuwa ni onyo? Tuyaache.

#18 KaskaziKali
Tukitoka kwenye kulia tuje kwenye kuogopa, maana mimi kilichonitisha si kiumbe chochote. Ni sura ya kwanza ya The Ministry for the Future ya Kim Stanley Robinson, ya 2020. Mji mmoja India, joto na unyevunyevu vimepanda pamoja, umeme umekatika, watu wanaingia ziwani wapoe, na maji yenyewe ya moto. Asubuhi karibu wote wamekufa.

Sayansi yake ni hii: jasho linapoza mwili likikauka. Hewa ikishajaa maji, jasho halikauki. Kipimajoto kilichofungwa kitambaa chenye maji kikisoma nyuzi 35, hata kijana mzima aliyekaa kivulini hana njia, saa sita hivi zinatosha kumuua. Sisi wa kaskazi hatuambiwi unyevunyevu ni nini. Nilisoma mwezi wa pili, feni imesimama, shuka imenigandia mgongoni, nikasema huyu mwandishi yupo chumbani.

Wenye umri mnakumbuka Disemba 2009 mpaka Machi 2010, waya wa baharini umekufa na Unguja nzima haina umeme miezi mitatu. Tulilala barazani. Pampu za maji zimesimama, foleni visimani tangu alfajiri, mji mzima unanuka moshi wa jenereta. Baba yangu akisaga barafu ya kuuza. Biashara ile haikurudi tena. Kwa hivyo wanaposema kitabu cha mwisho wa dunia ni cha kubuni, mimi najua mwezi wa kwanza wake unafananaje: watu wanachekeana, wanasaidiana. Mwezi wa tatu ndio kitabu.

#19 PwezaMkavu
Kwenye ile ya Mchina, Liu Cixin, yenye jua tatu, watu wa kule joto likizidi wanajikausha, wanakunjwa, wanawekwa ghalani. Hali ya hewa ikitulia wanarudishwa maji wanaendelea na maisha. Nilisoma nikaona mtu kaandika wasifu wangu. Jina langu mnalijua.

#20 Mzee_wa_Dunga
Mnatafuta vyombo vya anga Marekani na China, hali ya kuwa anga ilishapita juu ya vichwa vyenu.

Waulizeni wazee wa Tunguu. Kabla ya Mapinduzi, Wamarekani walijenga pale kituo cha kufuatilia vyombo vya mradi wao wa Mercury. Februari 20, 1962, John Glenn alipoizunguka dunia mara tatu, Zanzibar ilikuwa katika vituo vilivyozungumza naye njiani. Mimi mdogo, tunakwenda na wenzangu kuchungulia ile milingoti na waya, tunafukuzwa. Watu wengine waliandamana wakisema ni kambi ya makombora, tutapigwa sisi Warusi wakikasirika. Wengine wakisema Wazungu wanasikiliza mbinguni. 1964, Mapinduzi yakaja, kituo kikaondoshwa.

Kwa hivyo mimi nikisoma riwaya ya mtu anayezungumza na ardhini kutoka juu, siulizi Houston. Nauliza Tunguu wamemjibu nini.

#21 Fizikia_Chake
Naongeza kwa Mzee: kabla ya kufika kwetu alipita kituo cha Kano, Nigeria, na baada yetu kulikuwa na meli Bahari ya Hindi kisha Australia. Wanafunzi wangu nikiwaambia hawaamini. Leo Tunguu ndipo ilipo SUZA, kampasi kuu. Binti wa kisiwani anakwenda chuo kikuu mahali palipozungumza na anga, hicho kitabu nani anakiandika?

#22 Daktari_wa_Ngombe
Mzee kafungua mlango, na mimi naingia. Mwataka sayansi ya kubuni iliyotokea? Mbung'o.

Miaka ya tisini Unguja ilikuwa na mbung'o wa aina moja tu, ng'ombe wanakufa kwa nagana. Wataalamu wakafuga mbung'o kwa mamilioni kule Tanga, madume wakayapiga mionzi yasizae, wakayapakia kwenye vindege wakayamwaga juu ya kisiwa, Jozani na kwengineko, wiki baada ya wiki tangu 1994. Jike kwa kawaida hupandwa mara moja tu maishani. Akikutana na dume tasa, basi nasaba yake imekwisha. 1997 Unguja ikatangazwa haina mbung'o hata mmoja.

Hebu simulieni hilo kama riwaya: ndege inapita juu ya kijiji, inamwaga wadudu kwa makusudi, na wanakijiji wanaambiwa msiwe na wasiwasi. Mzee mmoja wa Kusini aliniambia, nyinyi mmechanganyikiwa, mnatuletea maradhi kwa ndege. Baada ya miaka alininunulia kahawa.

#23 Mtoto_wa_Micheweni
Daktari, basi soma The Old Drift ya Namwali Serpell, Mzambia, 2019. Ilipata tuzo ya Arthur C. Clarke 2020. Humo mbu ndio wanaosimulia, kundi zima, wanajigamba na kuwacheka binadamu, na huko mbele watu wanatengeneza vidude vinavyoruka mfano wa mbu. Yumo pia Edward Mukuka Nkoloso, mtu wa kweli, mwalimu aliyetaka kumpeleka msichana wa Kizambia, Matha Mwamba, mwezini mwaka 1964. Akiwafanyisha mazoezi vijana wake kwa kuwabiringisha mlimani ndani ya mapipa. Dunia ilimcheka. Mimi nilimcheka pia, mpaka Serpell akanihamishia macho kwa Matha: msichana miaka 17, anatazamwa na wapiga picha wa magazeti, na hakuna anayemuuliza kitu.

Nililia tena. Nyinyi endeleeni na mawe yenu.

#24 Abiria_wa_Daima
Komiki iliyonigusa mimi ni LaGuardia, ya Okorafor na mchoraji Tana Ford. Daktari mjamzito anatoka Nigeria anaingia Marekani, na mzigoni kaficha mmea. Mmea wenyewe ni mtu, ni mgeni wa sayari nyingine anayekimbia vita. Kurasa za mwanzo zote ni foleni ya uhamiaji: vua, fungua, eleza. Mimi nilishanyang'anywa achari ya maembe ya mama kwenye uwanja mmoja wa ndege, ofisa kaifungua, kainusa, kaitupa pipani huku ananitazama usoni. Nilichukia kuliko wangeninyang'anya pesa. Tana Ford kaichora ile sura ya ofisa. Ile ile.

#25 Sijamaliza_Bado
Swali la ukweli: kwa nini vyote vya Wanaijeria, Wazambia na Wamarekani? Waswahili hatuandiki haya?

#26 PwezaMkavu
Tunaye popobawa, jini letu la usiku, hatuhitaji Meduse. 1995 watu wazima wamelala uani kwa kumwogopa. Okorafor angelipa kwa hadithi hiyo.

#27 Mlango_wa_Nakshi
Pweza, ya 1995 nilikuwa na akili zangu na haikuwa ya kuchekesha usiku.

Sijamaliza, tunaandika. Katama Mkangi wa Kenya, Walenisi, 1995: Dzombo anatiwa kwenye chombo cha anga kama adhabu ya kifo, badala ya kufa anatua nchi iliyopangika kwa haki kuliko kwao. Kezilahabi kaandika Mzingile 1991, dunia ishaharibika. Said Ahmed Mohamed, Mpemba wetu, Babu Alipofufuka, 2001, maiti anarudi kumhoji mjukuu aliyeuza kila kitu. Utasema hiyo si sayansi. Sawa, lakini Meduse ni sayansi?

#28 Fizikia_Chake
Meduse si sayansi hata kidogo, na hapo ndipo ninaporudi kwenye hoja yangu ya #5. Waandishi wetu wanapenda kufufua maiti. Nipeni mmoja anayeeleza jenereta inavyoungua.

#29 Mlango_wa_Nakshi
Mwalimu wa fizikia, nani atalia kwa jenereta?

#30 Fizikia_Chake
Muulize #1. Kamlilia fundi mwenye ganda.

#31 Bi_Mkubwa_wa_Kikwajuni
Mwanangu wa Wete, wamekuacha peke yako huko juu. Nikuulize jambo na ukitaka usinijibu: katika watu wako yupo aliyekuondokea hivi karibuni?

#32 Mwana_wa_Wete
Hakuna msiba, alhamdulillahi. Mwenzangu wa karakana tu, tulifungua pamoja tukiwa vijana, kapata kazi Dubai kaondoka baada ya Idi. Mashine za boti tulikuwa tunashusha mimi na yeye, hatuna haja ya kusemezana, mimi nikinyoosha mkono yeye keshaweka spana. Sasa nina kijana mpya, namwambia nipe namba kumi na saba ananipa kumi na tatu.

Lakini hilo halihusiani.

#33 PwezaMkavu
Haihusiani hata kidogo. Tumekuelewa sote.

#34 Nahodha_Mstaafu
Mwacheni.

#35 KaskaziKali
Mimi bado nashikilia ni sauti. Amesema mwenyewe alilia "kwa sauti".

#36 Fizikia_Chake
Kazi. Spana kaitaja yeye, si mimi.

#37 Mtoto_wa_Micheweni
Kama ni hivyo kaka, hujamtendea haki Binti. Ulimsoma usiku mmoja, ukiwa na huzuni ya mtu mwingine, ukataka yeye aje akufariji. Tafuta sehemu ya pili, Home, ya 2017. Anarudi kwao, kamchukua na Meduse mmoja, Okwu, na ndugu zake wanamwekea kikao cha lawama. Bi Mkubwa na wewe utafute. Mama yake yumo.

#38 Bi_Mkubwa_wa_Kikwajuni
Yumo? Anamwambiaje?

#39 Mtoto_wa_Micheweni
Sisemi. Sijamaliza_Bado atanishitaki.

#40 Sijamaliza_Bado
Ahsante dada. Na kama kuna mwenye nakala ya pili aliye upande wa Mkoani, anitumie ujumbe, nitaifuata mwenyewe bandarini.